Kuvuka Njia ya Reli

Mtu aendaye kwa miguu hukutana na vyombo vingi njiani: baiskeli, pikipiki, motokaa na malori. Vyombo hivyo vyote vina usukani. Mwendeshaji akimwona mtu mbele yake aweza kupinda upande huu au upande ule, au kukanyaga breki akasimama. Lakini kiko chombo kimoja kisichoweza kupinda hata kidogo, wala hakiwezi kusimama upesi, hata kama dereva wake ni mtu mwema na hodari kupita wote. Chombo hicho ni treni. Wazee wetu waliiita gari la moshi. Siku hizi treni nyingine huendeshwa kwa umeme, hazina moshi wala kishindo kikubwa, lakini tabia yake ni ile ile.

Katika somo hili tutajifunza kwa nini ni vigumu kuisimamisha treni, kwa nini macho na masikio yetu hutudanganya tuitazamapo, na namna ya kuvuka reli kwa salama. Someni polepole. Mambo haya si ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Huenda mmoja wenu akayahitaji kesho asubuhi aendapo shule.

Habari ya rafiki yangu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, shule yetu ilikuwa upande mmoja wa stesheni, na nyumba zetu zilikuwa upande wa pili. Katikati palikuwa na reli za njia mbili, na njia ya miguu ilizikata. Hapakuwa na kizuizi, wala kengele, wala mlinzi.

Jioni moja tulipotoka shule tulikuta treni ndefu ya mizigo ikiondoka. Tukasimama, tukahesabu mabehewa kama ilivyokuwa desturi yetu. Rafiki yangu, ambaye sitamtaja jina, alikuwa na haraka, kwa kuwa mama yake alikuwa amemwagiza mafuta ya taa, naye alitaka kufika dukani kabla ya giza. Behewa la mwisho lilipotupita tu, akakimbia. Hakujua, wala mimi sikujua, ya kuwa katika njia ya pili injini ilikuwa ikisukuma mabehewa matupu kuyapanga. Injini yenyewe ilikuwa mbali, nyuma ya mabehewa hayo, na mlio wake ulimezwa na kishindo cha treni iliyokuwa ikienda zake. Mabehewa yalikuja kimya kimya. Nilipiga kelele kumwita, lakini hakusikia.

Hakufa. Lakini usiku ule mguu wake mmoja ulikatwa hospitali, na shule aliirudia mwaka uliofuata akitembea kwa magongo.

Watu walisema, "Ajali haina kinga." Nilipokuwa mtoto niliyakubali maneno hayo. Sasa, baada ya miaka mingi ya kufundisha, siyakubali tena. Zipo ajali zisizo na kinga, lakini ile ilikuwa nayo. Kinga yake ilikuwa kungoja kidogo tu, muda wa kuhesabu moja mpaka kumi, kisha kutazama tena.

Kwa nini treni haisimami upesi

Chukua mpira uutupe uviringike juu ya mchanga, utasimama upesi. Uutupe tena juu ya sakafu ya saruji, utakwenda mbali. Mchanga huushika mpira, lakini sakafu laini haiushiki. Basi gurudumu la motokaa ni la mpira, na barabara ni ya kukwaruza, vikikutana hushikana. Lakini gurudumu la treni ni la chuma, na reli ni ya chuma pia, tena vyote viwili ni laini. Mahali vinapogusana ni padogo mno, pengine si papana kuliko sarafu. Kwa hiyo havishikani sana.

Jambo hili ndilo faida ya treni, na ndilo hatari yake. Ni faida, maana injini moja yaweza kuvuta mabehewa mengi yenye mizigo mizito bila kutumia nguvu nyingi. Ni hatari, maana kitu kilicho rahisi kuvutwa ni kigumu kusimamishwa. Dereva akifunga breki kwa nguvu zote, magurudumu huteleza juu ya reli, na uzito wote ulio nyuma huendelea kusukuma mbele. Mvua ikinyesha, reli huteleza zaidi.

Hebu tutazame hesabu. Treni nyepesi ya mjini iendayo maili 55 kwa saa, yaani karibu kilomita 88, huhitaji futi 600 hivi ili isimame. Urefu huo wakaribia viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Treni ndefu ya mizigo yenye mwendo huo huo huhitaji maili nzima au zaidi. Basi dereva akikuona umesimama relini, naye akafunga breki papo hapo na kupiga honi, amefanya yote awezayo kufanya. Yaliyobaki ni juu yako wewe.

Jinsi macho yanavyotudanganya

Wengi waliogongwa na treni hawakuwa vipofu. Waliiona, lakini walidhani kwamba wana nafasi ya kutosha. Kwa nini walikosea? Ziko sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa treni. Macho yetu huona kana kwamba kitu kikubwa kinakwenda polepole kuliko kitu kidogo, hata kama mwendo wao ni sawa. Mtazame inzi apitaye karibu nawe, kisha itazame ndege ya abiria angani. Inzi waonekana kukimbia kama mshale, na ndege yaonekana kutambaa. Kumbe ndege yaenda mamia ya kilomita kwa saa. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa Marekani, Herschel Leibowitz, alieleza ya kuwa udanganyifu huu ndio unaowaponza watu wengi kwenye tambukareli. Huitazama treni wakadhani yaja taratibu, kwa sababu ni kubwa.

Sababu ya pili ni kwamba mwenye kusimama karibu na reli huiona treni kwa mbele, haioni kwa ubavu. Kitu kipitacho kwa ubavu twakiona kikihama kutoka mahali mpaka mahali. Lakini kijacho moja kwa moja hakihami. Huongezeka ukubwa tu. Nacho kikiwa mbali huongezeka kidogo kidogo, hata mtu hatambui. Kikikaribia, mara hukua ghafula na kujaza macho. Wakati huo mtu hana nafasi tena.

Sababu ya tatu ni masikio. Watu husema, "Nitaisikia ikija." Lakini treni ya umeme hainguruki kama gari la moshi la zamani, na sauti yake yaweza kuzuiwa na upepo, na nyumba, na kelele za soko, au na treni nyingine. Na mtu aliyetia masikioni vidude vya kusikilizia nyimbo, au anayezungumza kwa simu, amejiziba masikio kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa tufanye hesabu nyingine. Mtoto atembeaye kwa mwendo wa kawaida huenda mita moja na robo kwa sekunde moja. Kuvuka njia mbili za reli, tuseme mita 10, kwamchukua sekunde 8. Treni iendayo kilomita 72 kwa saa huenda mita 20 kwa sekunde moja. Katika sekunde 8 itakwenda mita 160. Kwa hiyo treni iliyo mita 160 mbali nawe, ambayo yaonekana kuwa mbali sana, itakufikia ungali unamaliza kuvuka. Je, ukijikwaa? Je, kandambili yako ikinasa? Mwenye busara hapimi nafasi kama hiyo. Akiona treni, mbali au karibu, husimama.

Treni zipitazo kati ya watu

Ziko reli zipitazo porini, na ziko zipitazo kati ya nyumba za watu. Hizi za mjini ndizo zenye vivuko vingi na wapita njia wengi. Jambo hili si geni kwetu pwani. Mwaka 1905 huko Unguja ilijengwa reli nyembamba kutoka mjini kwenda Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Treni yake ilipita katika njia nyembamba za mji, karibu sana na milango ya nyumba. Baadaye reli hiyo iliachwa, na leo watu huifuata njia ya Bububu kwa motokaa.

Katika miaka yetu miji mingi imejenga tena treni nyepesi za umeme. Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, ulifungua yake mwaka 2015. Lagos, katika Nigeria, ilifungua njia yake ya kwanza mwaka 2023. Njia hii ya Lagos ina reli ya tatu kandokando ya zile mbili, nayo imebeba umeme mkali wa kuendesha treni. Mtu arukaye ukuta na kuikata njia ile aweza kuuawa na reli yenyewe hata kama hakuna treni. Katika Tanzania treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, nayo yaweza kwenda kilomita 160 kwa saa. Katika zile sekunde 8 za mtoto wetu, treni hiyo yaweza kwenda zaidi ya mita 350. Ndiyo maana njia yake imezungushiwa uzio, na watu huvuka kwa madaraja ya juu au kwa vivuko vya chini. Avunjaye uzio huo ili kufupisha njia avunja ngao yake mwenyewe.

Mafunzo ya Los Angeles

Nataka kuwaeleza habari za njia moja ya Marekani, kwa sababu iliwafundisha watu mengi, ingawa kwa gharama kubwa. Tarehe 14 Julai 1990 ilifunguliwa njia ya treni nyepesi kutoka mji wa Los Angeles mpaka Long Beach, maili 22. Sehemu kubwa ya njia hiyo ipo juu ya ardhi, haipiti juu ya madaraja wala katika mashimo, nayo hukatana na barabara nyingi. Mahali pengine treni huenda maili 55 kwa saa, na kando yake ziko reli za treni za mizigo. Katika miaka iliyofuata watu wengi waligongwa, hata njia ile ikajulikana kote Marekani kwa ajali zake.

Wenye kuitunza walitafuta dawa. Vizuizi vya motokaa vilikuwapo tangu mwanzo, lakini viliwazuia wenye motokaa tu. Mwenye miguu aliinama akapita. Basi waliweka vizuizi vya waendao kwa miguu. Viko na vilango ambavyo mtu hawezi kuvisukuma ili aingie relini. Sharti avivute kwake kwanza. Jambo hili ni dogo lakini lina hekima, maana avutaye mlango hana budi kusimama, na asimamaye hupata nafasi ya kutazama. Na mtu aliye ndani, akitaka kutoka relini, husukuma tu, akatoka upesi.

Katika miji mingine wamejenga uzio uliopindika kama herufi Z. Mtu afuataye uzio huo hawezi kuvuka moja kwa moja. Kwanza hugeuzwa upande, akatazamana na mahali treni itokeapo, ndipo aruhusiwe kuvuka. Wajenzi walijua ya kuwa mtu mwenye haraka hageuzi shingo, basi wakaigeuza njia yenyewe.

Hatari iliyowasumbua zaidi ilikuwa ile ile iliyompata rafiki yangu, yaani treni ya pili. Mtu huona treni ikipita, husikia kengele ikilia bado, akadhani kengele ni ya ile iliyopita. Huanza kuvuka nyuma yake, na treni nyingine yaja kutoka upande wa pili. Kwa sababu hiyo huko Los Angeles, kwenye kivuko cha Vernon Avenue, walijaribu ishara maalumu ya kuonya kwamba treni ya pili yaja. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kitambo, nikiikumbuka stesheni yetu.

Sheria za kuvuka reli

Shikeni sheria hizi, na kuwafundisha wadogo zenu.

Kwanza: Vuka mahali palipowekwa kwa kuvukia, si penginepo. Usiifanye reli kuwa njia ya kutembelea, ingawa imenyooka na haina matope.

Pili: Kabla ya kufika relini, simama hatua tano mbali. Behewa ni pana kuliko reli, nalo hutokeza nje pande zote mbili. Mwenye kusimama kando ya chuma chenyewe atagongwa, ingawa hakukanyaga reli.

Tatu: Ondoa kofia ya mvua iliyofunika masikio, weka simu mfukoni, acha mazungumzo. Tazama kulia, tazama kushoto, kisha kulia tena. Sikiliza. Usidhani ya kuwa treni itatokea upande fulani au saa fulani. Yaweza kuja upande wowote, saa yoyote.

Nne: Taa nyekundu ikiwaka, au kengele ikilia, au kizuizi kikishuka, ngoja. Usiiname chini ya kizuizi, wala usikizunguke. Kizuizi kikishuka ukiwa umekwisha kuingia, usirudi nyuma wala usisimame. Endelea mbele utoke.

Tano: Treni ikiisha kupita, usivuke papo hapo. Ngoja mpaka iwe mbali, uweze kuona reli zote pande zote mbili. Pengine iko nyingine nyuma yake.

Sita: Treni iliyosimama usipite chini yake, wala kati ya mabehewa yake. Treni haiagi iondokapo. Yaweza kuvutwa ghafula, na behewa la mwisho husogea wakati ule ule injini inapokuwa mbali isionekane.

Saba: Ukiangusha kitu relini, na treni yaja, kiache. Daftari hununuliwa, na kiatu hununuliwa.

Nane: Mwenye baiskeli ashuke, aivushe kwa kuisukuma, akikata reli moja kwa moja na wala si mshazari, gurudumu lisije likanasa katika ufa. Mwenye mbuzi au ng'ombe asiwavushe mpaka awe na hakika ya kuwa njia ni tupu, maana mnyama akiduwaa relini mchungaji hurudi kumfuata.

Tisa: Mtoto mdogo ashikwe mkono. Usimwite aliye upande wa pili wa reli. Yeye atakuja mbio kwako, wala hatatazama.

Neno la mwisho

Ukizitazama sheria hizi tisa utaona ya kuwa karibu zote zamtaka mtu jambo moja tu, nalo ni kungoja. Kungoja si jambo kubwa. Hakuhitaji fedha wala nguvu. Lakini kwa mtoto aliyechelewa shule, na kengele ya mstari yalia, na mwalimu wa zamu asimama langoni, kungoja ni kugumu sana. Nalijua jambo hili, nami nimewaambia wanafunzi wangu neno ambalo nataka na ninyi mlisome: mtoto aliyechelewa kwa sababu ya kuingoja treni, kwangu hana kosa. Na aje, aseme kweli, aingie darasani.

Rafiki yangu ni mtu mzima sasa. Ni fundi viatu, na kibanda chake kipo karibu na ile stesheni ya utotoni mwetu. Watoto watokao shule hupita mbele yake kila jioni. Treni ikiwa yapita, yeye huinua sindano yake juu, na watoto wote husimama. Treni ikiisha kupita bado huiinua. Wao hutazama kulia, hutazama kushoto, nao hungoja. Ndipo aishushapo sindano na kuendelea kushona, na watoto huvuka kwenda kwao.

Maswali

1. Kwa nini gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma ni faida, tena ni hatari?
2. Treni yaenda kilomita 72 kwa saa. Itakwenda mita ngapi kwa sekunde 5?
3. Eleza sababu tatu zinazomfanya mtu akosee mwendo wa treni.
4. Kilango cha kuvutwa kina faida gani kupita kilango cha kusukumwa kwa mtu aingiaye relini?
5. Je, wakubaliana na mwandishi kwamba ajali ya rafiki yake ilikuwa na kinga? Toa sababu zako.
6. Chora kivuko cha reli kilicho karibu na kwenu, au kivuko ulichopata kukiona. Onyesha mahali utakaposimama.